Kaputula ya Rafiki Yako

Durban, tarehe 4 Septemba 2001

Shangazi Wivine,

Nakusalimu wewe na binti yako Joyeuse, na mashini yako ya kushona pia, maana nisipoitaja utasema nimeanza kuwa mzungu. Mimi ni mzima. Ninakaa chumba kimoja na Mulumeoderhwa wa Bukavu, ambaye anapika bugali mgumu kiasi kwamba ukimwangukia mtu tutaitiwa polisi.

Umeuliza mara mbili kuhusu kazi yangu. Niko katika mambo ya magari, karibu na bahari. Nikipata nafasi nitakueleza vizuri.

Leo acha nikueleze kitu cha kukuchekesha. Hapa watu wanaamka saa kumi na mbili asubuhi, si kwa kazi wala kwa misa, bali kuingia baharini na ubao mrefu kuliko mlango. Wanalala juu yake kifudifudi, wanapiga maji kwa mikono mpaka mbali, kisha wanakaa juu yake miguu ikining'inia, wote katika mulongo mmoja, wakingoja wimbi. Likija, mmoja anasimama juu ya ubao na kuteleza nalo mpaka karibu na mchanga. Halafu anarudi kungoja lingine. Ndiyo kazi yote. Hawarudi hata na samaki mdogo kama sambaza mmoja.

Mulongo ule una sheria kama wetu wa kuchota maji kwa bidoni pale bombani. Aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanzia ndiye mwenye zamu, na ukimwingilia unatukanwa mpaka babu yako. Muzee Deon, mzungu wa miaka hamsini na mitano, ananiambia kwamba zamani mtu mweusi alikatazwa hata kukanyaga mchanga huu. Sasa vijana wa Kizulu wako katika mulongo, wasichana wako, na ugomvi uliobaki ni wa mavazi. Muzee Deon na wenzake bado wanavaa kaputula za ujana wao, fupi, za kubana, za rangi inayoumiza macho, mapaja yote nje. Vijana wanavaa ndefu na pana, mpaka chini ya magoti, na kila mmoja anatafuta alama ya duka iliyo kubwa kuliko ya mwenzake. Wazee wanawaita vijana "mapazia." Vijana wanawaita wazee "chupi." Wanakaa majini pamoja hivyo hivyo.

Sasa neno langu. Nina rafiki hapa anayependa mchezo huu. Anaomba umshonee kaputula ya kitenge, ndefu, ya kufunga kwa kamba kiunoni. Vipimo vyake viko nyuma ya karatasi hii. Mpe Papa Zihindula, yule mfanyabiashara anayeshuka huku kila miezi miwili kununua vipuri.

Mtoto wako,
Adalbert

———

Goma, tarehe 21 Oktoba 2001

Adalbert, mtoto wa kaka yangu,

Barua yako imefika ikinuka grisi, kwa kuwa Zihindula aliifunga pamoja na vipuri vyake. Tumeisoma hivyo hivyo. Sisi tuko. Vita viko upande wa Masisi, na barabara ya Butembo inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha shule. Mama Mukakalisa, aliyekimbia kutoka Masisi na watoto wake watatu, bado analala sebuleni kwetu. Ananisaidia kushona matundu ya vifungo, na ulimi wake hauchoki. Nilipomsomea habari zako alisema: "Batu bazima banaingia mu maji na mbao, habaleti samaki, habavuke ngambo, banarudia tu pale banatoka? Vita haiyabafikia bale."

Mimi nilishangaa jambo lingine. Kwamba watu wenye akili wanagombana kwa urefu wa kaputula. Fupi inaokoa kitambaa, ndefu inaokoa aibu. Fundi yeyote angewapatanisha kwa dakika tano.

Kaputula ya rafiki yako hii hapa. Nimeikata kwenye kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, kilichobaki kwenye sare za kwaya. Vipimo vyake nilivisoma mara mbili. Kiuno sabini na sita, paja hamsini na mbili, mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita moja na nusu. Ajabu. Namjua kijana mmoja wa Goma mwenye miguu hiyo hiyo, tangu aliposhuka mlima wa Munigi amesimama juu ya chukudu, akasahau kwamba lile gari letu la mbao lina magurudumu mawili na halina akili. Nilimshonea sare kuanzia mwaka wa kwanza wa primeri, na kila Septemba nilipandisha pindo la kushoto. Basi, dunia ina watu wanaofanana. Mwambie rafiki yako kwamba kiuno chake kimeongezeka sentimita mbili. Bugali wa Bukavu ndio huo.

Mwambie na hili. Mimi nina mtoto wa kaka ambaye siku ya kuondoka Goma aliweka mkono juu ya gurudumu la mashini yangu, mimi nikaweka wangu juu ya wake, tukaapa wote wawili kwamba hatutaingia tena maji yanayozidi beseni. Tuliapa kwa sababu baba yake, kaka yangu Valentin, aliingia boti ya kukimbilia Bukavu mwaka 1996, na ziwa halikuturudishia hata kiatu. Mtoto huyo ni mwaminifu sana. Rafiki yako afuate mfano wake.

Ndani ya mkanda nimeweka mfuko wa siri, kama ninavyofanya kwa kila suruali tangu mwaka ule, ili mtu akikimbia awe na karatasi zake kiunoni. Sijui rafiki yako atakimbia nini huko baharini, lakini mkono wangu umezoea.

Shangazi yako,
Wivine Kaswera

———

Durban, tarehe 9 Desemba 2001

Shangazi,

Salamu za Noeli zikutangulie. Nilipopitisha kidole kwenye pindo niliona kwamba mashini yako bado inaruka mshono mmoja kila baada ya kumi na miwili. Ule mruko ulinilaza usingizi miaka yote ya utoto wangu. Nilicheka peke yangu, kisha nikatamani nyumbani sana.

Rafiki yangu anakushukuru. Siku ya kwanza walimcheka mulongo mzima. Lwazi, kijana wa Kizulu ambaye ndiye jogoo wa majini hapa, alimwuliza kama amemwibia bibi yake nguo. Rafiki yangu alingoja zamu yake tu. Anasema kusimama juu ya ubao ni kama kusimama juu ya chukudu kwenye mteremko: uzito uweke mguu wa nyuma, macho mbele, na usibishane nacho.

Lakini kilichogeuza mambo ni mfuko wako. Hapa watu wakienda majini wanaficha funguo za gari juu ya gurudumu. Wezi wote wanajua, na lawama zinanirudia mimi. Muzee Deon alipoona ule mfuko wa ndani aliomba kuivaa kaputula, akatia ufunguo wake, akafunga kamba, akaruka kwenye maji kupima. Alitoka na ufunguo. Siku hiyo "chupi" na "mapazia" walisimama mchangani pamoja, wamegeuza kaputula moja ndani nje, wanaipapasa kama mafundi. Wanaomba tano. Deon anataka fupi ya paja, Lwazi anataka ya chini ya goti, na kila mmoja anasema ndiyo mtindo utakaobaki. Uamuzi ni wako.

Rafiki yangu anasema pia kwamba kila miezi mitatu anapanga foleni kwenye ofisi ya wakimbizi kuanzia alfajiri, karatasi mkononi, akiulizwa ametoka wapi na atarudi lini. Kule kwenye mulongo wa majini wanamwuliza tu zamu ni ya nani.

Yule mtoto aliyeapa anakusalimu. Anasema beseni za huku ni kubwa.

Adalbert

———

Goma, tarehe 8 Januari 2002

Adalbert,

Heri ya mwaka. Barua hii inapita posta ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kwa mkono wa masista, kwa sababu Zihindula hatasafiri mapema. Joyeuse ameshinda mtihani. Mlima wetu wa moto unanguruma kidogo, kama mume aliyerudi akakuta sahani tupu. Tumezoea.

Kaputula tano nimezikata. Mwambie Deon kwamba mtu wa miaka hamsini na mitano afunike mapaja. Mwambie Lwazi kwamba kaputula inayofika kifundo cha mguu ni suruali iliyokosa ujasiri. Nitazishona zote kufika gotini. Wakikataa, wavae ngozi zao.

Kuhusu beseni za huko: beseni hupimwa kwa kina, si kwa upana. Nimecheka, lakini sikiliza. Tangu Valentin apotee sijaenda hata kuliangalia ziwa. Nikitaka kufika sokoni napita njia ya juu, ndefu, ili nisilione kati ya nyumba. Naogopa. Sitaki kurudia neno hili, kwa hiyo lisome mara mbili.

Wivine

———

Durban, tarehe 19 Januari 2002

Shangazi,

Redio inasema mlima umepasuka na moto umepita katikati ya mji mpaka ziwani. Wanataja Birere, na Birere ndiko uliko. Nimepiga simu kwenye duka la Zihindula siku nzima, hailii hata. Nijibu neno moja. Andika "tuko," basi.

Adalbert

———

Durban, tarehe 17 Februari 2002

Shangazi,

Hii ni barua ya nne. Leo imefika yako ya tarehe nane Januari. Unaandika kwamba mlima unanguruma na mmezoea. Nimeisoma nimesimama pale pale posta, sikujua ninasoma barua ya mtu aliye hai au la.

Sijaingia majini tangu siku ile. Yaani, rafiki yangu hajaingia. Muzee Deon na Lwazi wanakuja kila asubuhi kuniuliza, "Shangazi?" Wamejifunza neno hilo. Ninatikisa kichwa, wanaenda zao.

Adalbert

———

Goma, tarehe 3 Machi 2002

Adalbert,

Tuko.

Barua zako zote nne zimefika siku moja. Ningekujibu mapema lakini posta ya Gisenyi ilijaa watu wanaoandika neno hilo hilo. Mimi niko, Joyeuse yuko, Mama Mukakalisa yuko na watoto wake watatu. Tulilala Gisenyi siku tatu kwenye ua wa shule, kisha tukarudi. Mlima ulikuja, ukapita. Watu wanapenda kutia chumvi kwenye redio.

Kaputula tano ziko na Zihindula. Zimechelewa kwa sababu ya shughuli nyingi. Nasikia wanaume wawili wa huko wananiulizia kila asubuhi. Waambie nimeolewa na kufiwa, na sitafuti.

Rafiki yako arudi kwenye mambo yake. Anayeacha kazi yake kwa ajili ya majonzi hajui kushona.

Wivine

———

Durban, tarehe 28 Aprili 2002

Shangazi wangu,

Kaputula zimefika. Watu wamezivaa, zote za gotini, na hakuna aliyebisha. Lwazi anasema gotini ndiyo mtindo mpya na kwamba yeye ndiye aliyeuleta. Muzee Deon amefunika mapaja kwa mara ya kwanza tangu Noeli ya mwaka 1970, na mke wake anakushukuru kwa moyo wote.

Mimi sikucheka nao. Usiku ule nilizigeuza zote tano ndani nje chini ya taa. Nilitafuta ule mruko wa mashini yako, mmoja kila baada ya kumi na miwili. Haumo. Mishono yote imelala kidogo kushoto, namna mkono wako unavyolaza sindano. Umeshona kaputula tano kwa mkono, shangazi, mpaka mkanda, mpaka mfuko wa siri. Mashini iko wapi? Nyumba iko wapi? Uliniandikia kwamba mlima ulipita. Ulipita wapi?

Sina haki ya kukukasirikia, kwa sababu mimi nimekudanganya tangu Septemba. Rafiki ni mimi. Ulijua. Mambo ya magari ni haya: ninavaa koti la rangi ya chungwa na kulinda magari ya watu walioko majini, mpaka warudi.

Acha nikueleze ilivyoanza. Wiki za kwanza nilikuwa nawahesabu. Watu kumi na wanane wameingia, lazima watoke kumi na wanane. Akikosekana mmoja nilishindwa kupumua mpaka nimwone. Muzee Deon aliniona midomo inatembea, akaniuliza nahesabu nini. Nikamweleza habari za baba. Kesho yake alileta ubao wa pili. Niliingia kwa sababu nilitaka kujua maji yalimfanyia nini baba yangu. Hilo sijalijua mpaka leo. Najua tu kwamba nikiwa pale nimekaa katika mulongo, sihesabu, nimetulia.

Nilikuapia na nimevunja. Sasa nakuuliza waziwazi, mtoto kwa mama yake: ukiniambia nitoke majini, nitatoka, na sitarudi. Nangoja jibu lako mchangani.

Mke wa Muzee Deon alikuwa na mashini ya mkono ya mama yake, imekaa kabatini miaka. Zihindula anakuletea. Ili isivunjike njiani, tumeifunga ndani ya nguo nzito ya mpira wanayovaa majini wakati wa baridi. Ni ya Deon ya ujana, ya waridi na kijani, na vijana wamemwomba asiionyeshe tena hadharani. Usiirudishe.

Adalbert

———

Goma, tarehe 16 Juni 2002

Adalbert, mwanangu,

Mashini imefika nzima. Sisi nusura tufe. Zihindula alipofungua gunia mbele ya watu, ilitangulia kutoka miguu miwili ya waridi. Mama Mukakalisa akapiga ishara ya msalaba, akasema: "Mama Wivine, banakuleteya maiti. Na haina kichwa." Baadaye Joyeuse akajaribu kuivaa. Kuingia alitumia dakika moja. Kumtoa tulitumia wanawake watatu na kipande kizima cha sabuni. Sasa najua kwa nini watu wa huko wanaamka saa kumi na mbili.

Umeniuliza nyumba iko wapi. Ipo pale pale, chini ya ule moto uliopoa ukawa jiwe. Unaweza kutembea juu ya paa letu na usijue. Tunakaa kwenye hema karibu na parokia, na mbao za nyumba mpya zimeanza kufika.

Mashini niliitoa. Nilifungua kichwa chake kwenye meza, nikakifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, tukakimbia. Pale njiapanda Mama Mukakalisa alikuwa na watoto watatu na mikono miwili, na moto ulikuwa unakuja. Nikaishusha mashini, nikambeba mdogo. Mashini haikulia, mtoto alikuwa analia. Niliihuzunikia barabara yote mpaka Gisenyi, na mtoto huyo alinikojolea mgongo mzima. Sikukuandikia haya kwa sababu ningekuambia ungeuza ubao wako. Nilijua unao.

Sasa jambo la mwisho, na hili hata Joyeuse halijui. Tuliporudi mabomba yalikuwa yamekufa. Maji yalibaki ya ziwa tu. Mimi, niliyekuwa napita njia ya juu, nilishika mulongo ufukoni na bidoni ya lita ishirini, watu mia mbele yangu. Zamu yangu ilipofika nikamwachia aliyekuwa nyuma. Ikafika tena, nikaachia tena. Mara ya tatu mama mmoja akaniuliza: "Mama, weye uko unangoya nini? Maji haiwezi kukuya kukutafuta." Pembeni kulikuwa na majivu, ilibidi kuingia ndani kidogo ili kuchota safi. Nikaingia. Mpaka magotini. Nikamwita Valentin kwa jina lake, mara moja, si kwa sauti kubwa. Nililia kidogo. Kisha nikajaza bidoni, maana mulongo ulikuwa mrefu.

Ilikuwa tarehe 21 Januari. Tangu siku hiyo naingia kila asubuhi, na wakati huo huo nilikuwa bado nimekushika kwa kiapo ambacho mimi mwenyewe nimekivunja. Unisamehe.

Jibu lako. Tuliapa mkono juu ya mashini, na mashini ile iko chini ya jiwe. Kiapo kiko nayo huko. Hata padri hatakifukua. Rudi kwenye mulongo wako.

Ila jana nimeweka mkono juu ya gurudumu la hii mpya na kuapa kingine kwa niaba yako, kwa hiyo kimekupata hata kama hukuwepo: kwamba usiingie majini siku ambayo hakuna mtu mchangani anayekuhesabu. Mpe Deon kazi hiyo, amefunika mapaja sasa, anaweza kuaminiwa. Mimi huku naingia saa kumi na mbili na nusu na bidoni yangu. Nikifika magotini nakuhesabu na wewe.

Rafiki yako sitamshonea tena, alikuwa mwongo. Wewe nitumie vipimo vipya, na uandike jina lako juu.

Shangazi yako,
Wivine Kaswera